Walipanda Wangapi?

Mama hakuipenda kazi yangu ya kwanza ya urubani, na sababu aliyoitoa sikuwa na jibu lake. Nilimpigia simu kutoka Marekani nikiwa na leseni mpya ya biashara na saa 300 hivi za kuruka, nikamwambia nimepata kazi ya kuwapandisha juu watu wanaoruka kwa miavuli. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, wenzio husomea urubani wakabeba watu hadi wafike waendako. Weye utawabeba uwamwage njiani?"

Nilicheka, lakini ukiifikiria, hakukosea. Abiria wa rubani mwingine yeyote akitoka nje ya ndege angani, hilo ni janga la kutangazwa redioni. Wangu wasipotoka ndipo siku inapokuwa imeharibika.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi katikati ya mashamba ya mahindi, na ndege ilikuwa Cessna 182 iliyonizidi umri. Viti vyote vilikuwa vimeng'olewa isipokuwa changu. Warukaji wanne walikaa sakafuni, wamebanana kama abiria wa matatu ya jioni, wakitazama nyuma. Tulipanda kwa dakika 20 na kitu hadi futi 10,000. Hapo napunguza nguvu za injini, nabana breki kwa miguu yote miwili, mlango unafunguliwa na upepo unaingia kwa kishindo. Breki za nini hewani? Anayetoka hukanyaga kidato kilicho karibu na gurudumu, na mguu ukiteleza ukafika kwenye tairi, tairi lisizunguke naye. Wakishatoka, ndege huwa nyepesi ghafla kama punda aliyetuliwa mzigo. Kisha naishusha taratibu, maana injini iliyochemka kwa kupanda ukiipoza kwa pupa, silinda zaweza kupasuka. Chini wengine wanne wananingoja. Jumamosi yenye jua tulifanya hivyo mara kumi, hata kumi na mbili.

Nililipwa kwa safari, na malipo ya safari moja yalitosha chakula cha mchana, kama hukuagiza soda. Sikufuata pesa. Nilifuata masaa. Mashirika ya ndege yanamtaka rubani mwenye saa nyingi, saa hazipatikani bila kazi, na kazi haipatikani bila saa. Kuwapandisha warukaji ni mojawapo ya milango michache iliyo wazi kwa kijana asiye na kitu. Wakati ule niliuona mlango huo kama bahati. Leo nauona kwa jicho jingine, na nitaeleza kwa nini.

Majira ya baridi yalipofunga uwanja, nikaanza kusoma juu ya walionitangulia.

Tarehe 1 Machi 1912, huko St. Louis, Missouri, Albert Berry aliruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege yenye injini, na vitabu vingi humwita wa kwanza duniani. Wapo wanaompa heshima hiyo Grant Morton wa California, mwaka uliotangulia. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Mimi nilimtafuta aliyekuwa kwenye usukani. Alikuwa Tony Jannus, kijana wa miaka 22. Ndege yao ya Benoist haikuwa na kibanda. Walikaa wazi kwenye baridi, injini nyuma yao, na mwavuli umepakiwa ndani ya chombo cha bati chenye umbo la pia kilichofungwa chini ya ndege. Walipofika juu ya kambi ya jeshi ya Jefferson Barracks, kama futi 1,500 hivi, Berry akateremka kwenye vyuma vya chini, akakalia upau, akajiachilia. Uzito wake mwenyewe ndio ulioutoa mwavuli ndani ya bati.

Fikiria upande wa Jannus. Hakukuwa na kitabu cha kumwambia ndege ile ya mbao na vitambaa itafanyaje uzito wa mtu mzima ukiondoka kwa mpigo. Hakukuwa na wa kumuuliza, au kama alikuwapo, alikuwa mmoja tu, kule California. Aliishika ndege ikatulia, akairudisha chini.

Jannus anakumbukwa, lakini kwa jambo jingine. Tarehe 1 Januari 1914 aliendesha safari ya kwanza ya ndege ya abiria kwa ratiba, kutoka St. Petersburg hadi Tampa, Florida, akiwa na abiria mmoja. Yaani historia ilimweka kwa abiria aliyefika, ikamsahau kwa abiria aliyemwagwa njiani. Mama angeona ni haki. Jannus alikufa mwaka 1916 katika Bahari Nyeusi, ndegeni, alipokuwa akifunza marubani wa Urusi.

Miaka saba baada ya Berry, tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliruka huko Dayton, Ohio, kwa mwavuli wa kubeba mgongoni, ule ambao mtu huanguka huru kwanza, kisha anavuta kamba mwenyewe. Irvin alivunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini mwavuli ulifunguka. Na rubani wa siku hiyo? Floyd Smith, ambaye ndiye hasa aliyekuwa nyuma ya ubunifu wa mwavuli huo. Sidhani kama kumewahi kuwa na rubani mwingine mwenye sababu kubwa kama yake ya kugeuza shingo na kutazama nyuma.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miavuli ya jeshi ikauzwa rahisi, wanajeshi waliozoea kuruka wakarudi uraiani, na kuruka kukawa mchezo wa Jumapili. Ndege zilikuwa zile zilizopatikana kwa bei ya chini. Marubani vilevile.

Jumapili ya tarehe 27 Agosti 1967 ndiyo iliyoninyima usingizi nilipoisoma. Warukaji walipanda ndege ya zamani ya kivita, B-25, huko Ohio, wakiwa na nia ya kuruka kutoka futi 20,000 hivi na kutua kwenye uwanja mdogo wa ndege ndani ya bara. Chini yao kulikuwa na mawingu. Rubani hakuiona ardhi, kwa hiyo alitegemea redio: mwongozaji wa ndege aliyekaa mbele ya rada alimpa mahali alipo. Kumbe kulikuwa na ndege nyingine hewani, Cessna 180, iliyopanda ili kuwapiga picha. Mwongozaji aliiona nukta ya Cessna akadhani ndiyo B-25. Akampa rubani mahali pa mtu mwingine.

Watu 18 wakatoka. Wakaanguka, wakaingia wingu, na walipolitoboa upande wa chini hawakuona uwanja wala mashamba. Waliona maji. Walikuwa juu ya Ziwa Erie, maili kadhaa kutoka ufukweni, wamevaa viatu vizito na mizigo ya kamba na vitambaa. Wavuvi na mashua waliwaokoa wawili. Wengine 16 walikufa maji.

Familia zilishtaki serikali, na mahakama ikakubali kwamba mwongozaji alizembea. Sawa. Lakini sheria ya kukataza kuruka kupitia mawingu ilikuwapo tayari siku hiyo. Nimejaribu mara nyingi kukaa kwenye kiti cha rubani yule. Ana watu waliogharimika, wamevaa, wamesimama mlangoni, baridi kali, oksijeni inahesabiwa. Sauti sikioni mwake haina shaka yoyote. Mimi mwenyewe, nikiwa na saa 300, ningeiamini sauti ile. Najua hivyo kwa sababu niliwahi kuamini sauti zenye ujuzi mdogo kuliko ile: mrukaji anachungulia mlangoni, anaona tundu dogo la kijani katikati ya mawingu, anasema "nimeuona uwanja, twende." Chini ya futi 10,000 sheria ya Marekani inataka futi 2,000 za nafasi kati ya mtu na wingu kwa upande. Nani anapima futi 2,000 kwa macho, na wateja wamengoja saa mbili? Nilikuwa nabana breki na kuwaachia. Baada ya kusoma habari za Erie nikaanza kusema hapana, na watu wakaanza kuninunia.

Hata anga likiwa safi, kuna hesabu. Upepo wa noti 30 huko juu unamsukuma mtu nusu maili ya baharini kwa kila dakika anayoanguka, na hapo hajafungua mwavuli. Kwa hiyo humwachi juu ya uwanja; unamwachia upande upepo unakotoka, umbali ambao umeukokotoa asubuhi ukarekebisha kwa kuona wa kwanza walipoangukia. Kundi la pili lingoje sekunde kadhaa ili lisiwaangukie wa kwanza. Dakika tano au zaidi kabla ya mlango kufunguliwa unawaarifu waongozaji. Warukaji wengi hawajui kwamba hayo yote yanatendeka mbele ya migongo yao. Wanadhani tunaendesha lifti.

Sasa nifike kwenye langu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mchana, na nilikuwa nimetoka kujaza mafuta. Ukijaza unapaswa kungoja kidogo, kisha uchote sampuli chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki kinachoona na ukiinue kwenye mwanga. Petroli yetu ilitiwa rangi ya buluu. Maji hayana rangi na ni mazito, hutulia chini ya kikombe kama kipande cha kioo. Asubuhi nilikuwa nimechota. Mchana, wanne walikuwa tayari wamekaa sakafuni wakitoka jasho, na nikajiambia, mafuta ni yaleyale, pipa ni lilelile. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, mvi tele, ameruka maelfu ya mara. Akaniuliza, "Kijana, umeyatazama mafuta?"

Nikasema, "Ndiyo."

Dakika 20 na kitu za kupanda zilikuwa ndefu kuliko safari ya Mombasa hadi Malaba. Kila injini ilipobadilisha mlio, nilihisi tumbo likishuka. Walitoka, nikashuka, nikachota sampuli: buluu safi. Hakuna kilichotokea. Na hilo ndilo lililoniharibu, kwa sababu Jumamosi iliyofuata mkono wangu ulisita tena, safari hii bila hofu yoyote.

Tarehe 22 Aprili 1992, huko Perris Valley, California, ndege ya Twin Otter iliruka ikiwa na watu 22. Mafuta yake yalikuwa yamechafuka. Mara tu baada ya kuacha ardhi, injini ya kulia ikapoteza nguvu. Hapo rubani hana dakika, ana sekunde, na katika sekunde hizo akaifungia nje rafadha ya injini nzima badala ya ile iliyokufa. Watu 16 walikufa, sita wakapona. Wachunguzi waliandika juu ya mafuta, juu ya mkono uliokosea, na juu ya mafunzo ambayo rubani hakupewa ipasavyo. Baada ya Perris, mikanda ya sakafuni, ambayo warukaji wengi walizoea kuikalia, ilianza kufungwa kwa dhati.

Niliisoma ripoti hiyo Januari, theluji imefika dirishani. Nikamwandikia yule mama barua pepe, nikamwambia kwamba siku ile sikuwa nimeyatazama. Alijibu baada ya siku mbili, mistari miwili tu. Alinishukuru kwa kumwambia. Na siku nyingine, alisema, ukiulizwa sema bado, tutashuka tungoje.

Mwaka 2008, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa ripoti maalum kuhusu ndege za warukaji. Tangu 1980, ajali 32 zilikuwa zimeua watu 172, wengi wao warukaji. Itazame vizuri hesabu hiyo. Hawa si watu ambao miavuli yao ilikataa kufunguka. Hawa walikufa na ndege. Bodi ililaumu matengenezo, mafunzo ya marubani na usimamizi hafifu, na ikaonyesha jambo ambalo hata mimi niliyelifanyia kazi sikulijua: safari hizo, ingawa watu wamelipa, zilihesabiwa chini ya kanuni zilezile za mtu anayeendesha ndege yake binafsi kwenda kula chakula cha mchana.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kuruka ukiwa na uzito wa juu kabisa kutoka kwenye uwanja mfupi, mara kumi na mbili kwa siku, mlango ukifunguliwa angani na mizigo yako ikitembea yenyewe kwa miguu, hiyo si kazi ya kujifunzia. Ni miongoni mwa kazi ngumu za ndege ndogo. Na ndiyo tunayompa kijana mwenye njaa ya masaa, ambaye akipata saa za kutosha ataondoka na ujuzi wake kwenda kuendesha jeti, amwachie usukani kijana mwingine mwenye njaa ileile. Kila mwaka elimu inaanza upya kwa ghali. Mimi pia niliondoka.

Hiyo mizigo inayotembea kwa miguu si mzaha. Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa magunia mengi upande wa nyuma? Mikono ya mbele inainuka na kumning'iniza mwenyewe hewani. Ndege ni hivyohivyo. Zile kubwa zenye mlango wa nyuma, watu wakisongamana mlangoni, mkia unakuwa mzito na pua inataka kuinuka, wakati huohuo rubani amepunguza mwendo ili watoke salama. Bawa likikosa mwendo halibebi tena. Tarehe 14 Julai 2019 karibu na Umeå, Sweden, ndege aina ya GA8 Airvan ilipanda na warukaji wanane na rubani. Ilipokaribia kimo cha kuruka, katika mawingu, mwendo ukiwa mdogo na uzito umeelemea nyuma, rubani aliipoteza. Ikaanguka kwa kasi iliyozidi nguvu za chuma, bawa likavunjika hewani. Wote tisa walikuwa wamevaa miavuli. Hakuna aliyepona.

Sitaki uondoke ukidhani kila hadithi huishia hivyo. Tarehe 2 Novemba 2013, huko Superior, Wisconsin, Cessna mbili zilizokuwa zikiruka pamoja ziligongana wakati warukaji wamesimama nje, vidatoni. Ndege moja ilikatika mabawa ikawaka moto. Warukaji tisa waliruka, rubani wa ndege iliyokatika naye akajitupa nje kwa mwavuli wake, na rubani wa pili akaitua iliyobaki. Watu 11, wote hai. Mwavuli wa rubani, nikukumbushe, ni ule mfuko mgumu unaoumiza mgongo siku nzima, ambao mimi kwa miezi miwili ya kwanza niliuvaa kamba zikiwa zimelegea, nikiuhesabu kama mto wa kuegemea.

Nilirudi nyumbani na leo nabeba watu na mizigo kwa njia ambayo Mama anaielewa. Yeye anaishi Ukunda, na Diani iko palepale, ambako siku njema wageni huruka na kutua kwenye mchanga mweupe. Jumapili moja ya kusi tulishuka ufukweni pamoja. Nilikuwa namwonyesha mawimbi yanapopasukia kwenye mwamba wakati niliposikia ndege juu, kisha mlio wake ukapungua ghafla. Nyayo zangu zikakandamiza mchanga zenyewe. Breki.

Nilijua kinachoendelea huko juu. Kusi hutoka baharini, kwa hiyo atakayetaka kutua mchangani lazima aachwe upande wa maji, ili upepo umlete. Hapo pana hesabu ya rubani na hapo pana Ziwa Erie. Siku hiyo bahari yote ilionekana hadi ukingo wa macho, hakukuwa na hata wingu la kufunika kofia. Moyo wangu ulidunda vilevile.

Mama alikuwa wa kwanza kuiona miavuli. Alinyoosha kidole, akahesabu kwa sauti, "Mmoja. Wa pili ule mwekundu. Na huyo mwingine, mbona ana miguu minne?"

"Hao ni wawili, Mama. Mgeni amefungwa na mwalimu wake."

"Basi wako wanne." Akaendelea kutazama juu, kiganja kimekinga macho. "Walipanda wangapi?"

Nikamwambia hatuwezi kujua kutoka hapa chini, anayejua ni rubani.

"Na ndege iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa imeshashuka sana, inazunguka upande wa Ukunda, bawa moja limeinama kuelekea ufukweni, kama anayetazama chini na kuhesabu.